Hofu ni nini, na woga ni nini?

Usiku wa giza, usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, huingia Ziwa Tanganyika na taa zao. Ziwa hilo, penye kina kirefu kuliko pote, hufika mita 1,470 hivi. Upepo ukigeuka ghafla na mawimbi kuanza kupiga ubavu wa chombo, hakuna anayengoja kuambiwa: mikono inakusanya wavu, macho yanatafuta taa za nchi kavu. Hiyo ndiyo hofu, na kazi yake ndiyo hiyo.

Ndani ya ubongo kuna sehemu mbili ndogo zenye umbo la lozi, moja kila upande, ziitwazo amigdala. Zikigundua tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, mboni za macho hupanuka, damu hukimbilia kwenye misuli, tumbo nalo hupunguza kazi. Ndiyo maana aliyeogopa hukaukwa mate wala hakumbuki njaa. Mara nyingi mwili umeshaanza haya kabla akili haijamaliza kuuliza kuna nini.

Asiye na hofu yukoje? Watafiti wa Marekani wamemchunguza kwa miaka mingi mwanamke ambaye maradhi adimu yaliharibu amigdala zake zote mbili. Alishika nyoka kwa udadisi, bila kusita. Mimi siuiti huo ujasiri. Mama huyo amewahi hata kutishiwa kwa kisu, na ndani yake hakukuwa na kitu cha kumwambia ajihadhari. Ajabu ni kwamba alipovutishwa hewaukaa kwa wingi, alishikwa na kiwewe. Kumbe hofu ina mlango zaidi ya mmoja.

Kiswahili kimetenganisha mambo haya vizuri. Hofu humpata kila mtu. Woga ni hofu iliyokuwa tabia, mtu akakimbia hata pasipo hatari. Wasiwasi ni kuogopa lisilojulikana, na kicho ni hofu yenye heshima ndani yake. Inaniuma nahodha anayekataa kutoka siku ya upepo anapoitwa mwoga na vijana. Wahenga walishasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Ila hofu hujifunza, na wakati mwingine hujifunza kupita kiasi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mvuvi aliyenusurika kuzama anaweza kulala nyumbani kwake, akasikia upepo ukitikisa bati, jasho likamtoka. Huyo hasaidiwi kwa kuchekwa, wala kwa kusukumwa ziwani. Hurudishwa kidogo kidogo: kwanza kukaa ufukweni wenzake wakianika dagaa, kisha kuingia majini hadi magotini, halafu safari fupi ya mchana, ziwa likiwa shwari, na kasia likiwa mikononi mwa mtu anayemwamini.