Samaki aina ya besi akiogelea baada ya kuachiwa, si lazima awe amepona

Majira ya joto yakifika, wavuvi wa burudani hurushiana ujumbe uleule: besi akirudishwa majini na kuogelea, amepona. Si kweli. Aliyechoshwa na ndoana anaweza kufa saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye, wakati mvuvi ameshaondoka. Ndiyo maana wengi huamini ujumbe huo.

Maji ya nyuzijoto 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30, ni 7 na ushee tu, hivyo wakati wa joto samaki aliyechoka hupata oksijeni kidogo ya kupumua. Watafiti huhakikisha vifo hivyo vya baadaye kwa kuwafuatilia besi walioachiwa ndani ya vizimba.

Kwenye Ziwa Fork, Texas, sheria hulazimisha besi wa inchi 16 hadi 24 warudishwe majini. Inauma wakifa bure. Tafadhali, usisambaze ujumbe huo. Vua alfajiri, mvute upesi, mfungue ndoana akiwa majini.