Kabla ya Godot kulikuwa na Jarry

Ukiwauliza wanafunzi wa fasihi tamthilia ya kibwege, ile inayoonyesha maisha kama kitu kisicho na mantiki wala maana, ilitoka wapi, wengi watakujibu: Vita vya Pili vya Dunia. Ulaya ilibomoka, imani ikapotea, Samuel Beckett akaandika kuhusu watu wawili wanaomngoja Godot asiyekuja. Mimi nasahihisha mitihani hiyo na jibu hilo silinyimi alama, ila linaeleza hofu iliyomo ndani ya tamthilia hizi na kuliacha umbo lake. Hofu hiyohiyo Sartre na Camus, wanafalsafa wa Kifaransa walioandika pia tamthilia, walikuwa nayo, na tazama walivyoiandika: wahusika hodari wa kujieleza, hoja ikifuata hoja. Martin Esslin, mhakiki aliyeupa mkondo huu jina katika kitabu chake cha mwaka 1961, aliliona hilo. Wanafalsafa walitumia sentensi zenye maana tele kutuambia kwamba maisha hayana maana. Beckett na Eugène Ionesco, mwandishi mwenzake wa mkondo huu, waliivunja sentensi yenyewe.

Ujasiri wa kuivunja ulikuwa na historia ndefu mjini Paris. Desemba 1896, mwandishi Alfred Jarry alionyesha *Ubu Roi* (Mfalme Ubu). Neno la kwanza jukwaani lilikuwa tusi lililochomekwa herufi moja ya ziada, na ukumbi ukachafuka. Mfalme wake ni mnene, mlafi, mwoga, muuaji asiye na sababu. Jarry alitaka hata jeshi zima liwakilishwe na askari mmoja tu. Uhalisia uliokuwa ukitawala majukwaa ya wakati ule aliupa kisogo.

Halafu kuna tamthilia ambayo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuikodolea macho. Juni 1917, mshairi Guillaume Apollinaire alionyesha *Les Mamelles de Tirésias* (Matiti ya Tirésias), akaiita tamthilia ya kisurealisti, yaani ya kuuvuka uhalisia, neno alilolibuni mwenyewe mwaka huohuo. Mandhari yake ni Zanzibar! Mke anachoka kuwa mke. Matiti yake yanageuka vibofu na kumtoka, naye anavilipua na kuwa mwanamume. Mumewe anaamua kuzaa peke yake, anapata watoto 40,049 kwa siku moja. Na watu wa Zanzibar? Wanawakilishwa na mwigizaji mmoja asiyesema neno, aliyeketi kwenye meza ya vifaa vya kupiga kelele: ngoma, bastola, vyombo vya kuvunja. Apollinaire hakuijua Zanzibar wala hakujisumbua kuijua. Kwake lilikuwa jina la mbali lenye mlio mzuri. Nikiisoma nacheka, kisha nakereka kidogo. Hata hivyo, mantiki ya Ionesco imeshatimia humo: jambo lisilowezekana linatokea, na hakuna anayeshangaa.

Dada, vuguvugu la wasanii walioikataa sanaa ya mazoea, lililoanza Zürich mwaka 1916, nalipitia haraka kwa kuwa lilibomoa zaidi ya lilivyojenga. Kiungo ninachokithamini kati ya Jarry na Beckett ni mtu: mwigizaji na mwongozaji Roger Blin. Mwaka 1926 Antonin Artaud, mwandishi na mwigizaji aliyetokea kwa wasurealisti, alishiriki kuanzisha kikundi cha maigizo na kukipa jina la Jarry. Mwaka 1935 Blin alikuwa msaidizi wake katika tamthilia ya *Les Cenci*. Ni Blin huyohuyo aliyeongoza onyesho la kwanza la *En attendant Godot* (Kumngojea Godot) ya Beckett, Januari 1953, na kuigiza mhusika Pozzo. Mizizi ninayoizungumzia si ya vitabuni tu, maana ilipita kwenye mikono na miili ya watu wa jukwaani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomsoma Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari wa kweli, kama mwigaji wa Beckett kwa sababu tu *Amezidi* (1995) ina watu wawili, Ame na Zidi, na maneno yanayozunguka. Ufukara wao una chanzo kinachoweza kutajwa: ni wa nchi zilizozoea kutegemea misaada, na kejeli yake inawalenga watu tunaowafahamu. Kwa tabia hiyo yuko karibu zaidi na Jarry, aliyemkejeli mtawala mlafi, kuliko na Beckett, ambaye Godot wake hana serikali.

Anayetaka kuanza kusoma asianze na Godot. Aanze na *La Cantatrice chauve* (Mwimbaji Mwenye Upara) ya Ionesco ya mwaka 1950, iliyochipuka kutoka kitabu cha kujifunzia Kiingereza. Saa ya ukutani inagonga mara 17, na Bi Smith anasema ni saa tatu usiku. Asome kwa sauti, akiwa na mwenzake wa kujibizana naye.