Shahada ya sayansi ya siasa: ada ndiyo gharama ndogo

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, simu yangu haipumui. Wazazi wa Unguja na Pemba huniuliza jambo moja: kijana kapata nafasi ya kusoma sayansi ya siasa, je, italipa? Mimi ni mtu wa uchumi wa elimu, kwa hiyo kabla ya kujibu huomba nione hesabu yao.

Mzee mmoja wa Wete alinifungulia daftari lake: ada, chumba Tunguu (huko Unguja karibu na chuo), nauli ya boti, vitabu, chakula. Chakula nikakipiga mstari karibu chote, maana kijana angekula hata angebaki nyumbani. Kisha nikamwongezea safu mbili alizozisahau: mshahara ambao kijana hataupata akiwa darasani, na muda atakaokaa akisubiri kazi baada ya kumaliza.

Tuchukue tarakimu za mfano tu, kila mtu aweke zake. Ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni 3,900,000. Chumba na nauli za ziada, tuseme 3,000,000 kwa muda wote. Lakini kama kijana huyo angeweza kupata kazi hotelini Nungwi kwa 350,000 kwa mwezi, miezi 36 darasani inamkosesha 12,600,000. Jumla ni 19,500,000, na ada ambayo ndiyo inayomnyima mzee usingizi ni kama moja ya tano tu.

Sasa tuseme akimaliza anapata 700,000, na mwenzake wa hotelini keshapanda hadi 450,000. Tofauti ni 250,000 kwa mwezi, kwa hiyo gharama inarudi baada ya miezi 78, yaani miaka 6 na nusu. Akikaa mwaka mmoja bila ya kazi, hupoteza 4,200,000 nyengine hata tukikadiria kwa ule mshahara wa mwanzo wa hoteli. Mwaka mmoja wa kusubiri umeipita ada ya miaka yote 3! Kwa hiyo swali langu kwa wazazi si chuo gani chenye ada rahisi, ni njia gani inafupisha kusubiri.

Mkopo haufuti hesabu hii, unaisogeza mbele. Bodi ya Mikopo ya Tanzania hukata asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa. Kwa 700,000 ni 105,000, na ile tofauti ya 250,000 inabaki 145,000 mpaka deni liishe. Afadhali tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Zanzibar tuna bodi yetu pia, na masharti yake yasomwe kivyake.

Vijana nao huniletea tarakimu za mtandaoni: mwanasayansi wa siasa Marekani anapata zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka. Ni kweli, lakini hao ni watu elfu chache wenye cheo hicho hasa, wengi wao na shahada ya uzamili au ya uzamivu, na serikali kuu ya huko ndiyo mwajiri wao mkubwa. Si mshahara wa kila aliyesoma fani hiyo, hata huko kwao.

Wapo wanaonitajia mwanadiplomasia wetu Salim Ahmed Salim kama mfano wa kufika mbali. Aliteuliwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, na shahada akazisoma baadaye. Ubunge nao hautaki shahada: Katiba ya Muungano inataka mtu ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Anayesoma fani hii ili agombee, basi analipia kitu ambacho sheria haimdai. Na anayeota ubalozi ajue kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Atashindana na vijana wa Tanzania nzima, si wa visiwani peke yao.

Nani basi nimwambie asome? Yule anayeweza kuambatanisha fani hii na kitu ambacho mwajiri anakiona siku ya kwanza: takwimu, kuandika ripoti inayosomeka, Kiarabu au Kifaransa cha kufanyia kazi. Miradi ya asasi za kiraia hulipa vizuri, ila mkataba hufa na mradi, na kazi za msimu wa uchaguzi huja kila baada ya miaka 5 zikaondoka na masanduku ya kura. Mwenye takwimu huhamia mradi wa afya au wa uvuvi bila ya kukaa nyumbani. (Mazoezi ya kazi ya mwaka wa pili yasiwe ya kupiga mihuri masjala.)

Kwa mzee wa Wete, kijana wake alikuwa hana kazi yoyote ya kuacha, kwa hiyo ile safu ya 12,600,000 ilishuka karibu na sifuri. Nikamwambia ampeleke, na kabla ya kulipa aulize idarani wahitimu wa mwaka uliopita wamekaa miezi mingapi kabla ya mshahara wa kwanza.