Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi

Majibu haya ni ya watu wa Lamu, hasa kina mama, wanaofika kliniki wakiwa wamemeza dawa za maumivu kwa miezi mingi bila kupimwa tezi hata mara moja.

Tezi ya thairoidi ni ipi?
Ni tezi iliyo mbele ya shingo. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya moyo, joto la mwili, usagaji wa chakula na nguvu za misuli. Zikipungua, mwili huzorota. Zikizidi, mwili huenda mbio kupita kiasi.

Magoti na mabega yangu yanahusikaje na shingo?
Homoni zikipungua, misuli hukakamaa na viungo huweza kuvimba. Mtu huamka mikono imekaza, na vidole humfa ganzi usiku kwa sababu neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Bega nalo laweza kuganda hadi kujisuka nywele kukashindikana. Homoni zikizidi, misuli ya mapaja hulegea. Kuinuka jamvini ni mpaka ushikwe mkono.

Nitatambuaje kuwa si baridi yabisi?
Kwa kutazama tu hutambui, wala mimi sitambui. Dalili za kukutia shaka zipo: uchovu usioisha, kuhisi baridi wenzako wakijipepea, choo kigumu, ngozi kavu, sauti kuwa nzito, hedhi nyingi, kunenepa bila kuongeza chakula. Wanawake huugua tezi zaidi kuliko wanaume, na wengine huanza baada ya kujifungua. Jibu linatoka kwenye kipimo cha damu kiitwacho TSH. Tena magonjwa haya mawili huweza kumpata mtu mmoja, kwa hiyo kukutwa na baridi yabisi hakukuzuii kupimwa tezi.

Kuna ubaya gani nikianza na vidonge vya dukani?
Upo, mamangu, na mkubwa. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, hazigusi tezi. Ukizitumia kila siku zaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Wakati huo homoni zinaendelea kushuka, lehemu (mafuta kwenye damu) inapanda, moyo unachoka. Pima damu kwanza.

Lakini nikidungwa sindano napata nafuu.
Najua, na nafuu hiyo ndiyo inayokuchelewesha. Unarudi kudungwa, unarudi tena, hakuna anayekuuliza mbona sauti imebadilika au mbona shingo imejaa. Na zile dawa za mifupa zisizo na jina, zinazofungwa kwenye karatasi, nyingine huchanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Humfanya mtu ajihisi amepona, kumbe sukari inapanda na mifupa inadhoofika. Naomba tuache. Kuchuliwa mafuta hakuna neno, mradi kusiwe badala ya kipimo. Pima damu kwanza!

Sisi twala samaki wa bahari, na chumvi ina iodini. Tezi itatupataje?
Upungufu wa iodini si sababu pekee ya tezi kuugua. Mara nyingi kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoishambulia tezi, na hilo samaki halizuii.

Nikikutwa na upungufu, natibiwaje?
Kwa levothairoksini, kidonge cha kila siku. Kimeze asubuhi kwa maji matupu, kisha ngoja nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai na mahamri. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vikae mbali nacho kwa saa 4. Mwezi wa Ramadhani usikikatize: muulize daktari wako kuhusu kukimeza wakati wa kulala, tumbo likiwa limetulia baada ya chakula. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Viungo hulegea polepole, pengine kwa miezi, na kujisikia vizuri si ruhusa ya kuacha dawa. Ukishika mimba, nenda mapema. Kipimo cha dawa kwa kawaida huongezwa.

Ni wakati gani nisingoje kabisa?
Kiungo kimoja kikivimba na kuwa cha moto, pamoja na homa. Mgonjwa wa tezi akiwa na usingizi mzito, amechanganyikiwa na mwili umepoa. Anayetumia kabimazoli kwa tezi iliyozidi akipata homa na koo kuuma: aache dawa na apimwe damu siku hiyo hiyo. Mkiwa Faza au Kizingitini, tafuteni boti mara moja. Msipitie duka la dawa.