Daktari wa Afya Kazini: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kazi yake ni kupima waajiriwa wapya na kugonga mihuri.

Fomu ni sehemu ndogo. Daktari anayeijua kazi hii huanzia karakana, si zahanati: hutazama vumbi linatoka wapi, nani amesimama njiani mwake, na zamu ni ya saa ngapi. Baada ya hapo ndipo huchagua vipimo.

Chukua kelele. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8. Kwa kanuni kali zaidi, kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kipimo cha kwanza cha usikivu kifanywe mfanyakazi akiwa amekaa mbali na kelele angalau saa 14. Ukimpima ametoka mashineni sasa hivi, masikio yaliyochoka huonyesha upungufu wa muda tu. Upungufu huo ukiandikwa kama hali yake ya kawaida, madhara ya kweli yatafichika miaka inayofuata. Tena, jibu la "nasikia vizuri" halitoshi. Kwa kawaida kelele huanza kudhuru kwenye sauti nyembamba, za karibu hezi 4,000, wakati mtu bado anafuata mazungumzo bila shida.

Dhana: Kinachoua kazini ni ajali.

Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria vifo milioni 2.93 kwa mwaka vinavyotokana na kazi. Ajali zilichangia takriban 330,000. Vilivyobaki ni maradhi. Hayo hayaonekani kirahisi kwa sababu huchelewa: saratani itokanayo na asbestosi (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika katika ujenzi) huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kustaafu. Daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza madaktari tangu mwaka 1700 wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Inasikitisha kwamba hadi leo wengi hawaulizi, na wanaouliza huishia kwenye kazi ya sasa. Uliza zote, tangu ya kwanza.

Dhana: Barakoa inatosha.

Barakoa ni kinga ya mwisho. Isipobana uso, au ikivaliwa juu ya ndevu, vumbi hupita pembeni. Kukata jiwe kwa maji na kufyonza vumbi pale linapotokea hutangulia. Baadhi ya mawe bandia ya meza za jikoni yana silika, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu, zaidi ya asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024.

Dhana: Analipwa na mwajiri, kwa hiyo humpa majibu yote.

Maadili yanamruhusu kumwambia mwajiri matatu tu: anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai. Majibu ya damu yakiingia kwenye faili la utumishi, wafanyakazi huanza kuficha kikohozi, na uchunguzi wote hupoteza maana.

Dhana: Mitambo ya kisasa itaifuta taaluma hii.

Mahitaji yanapanuka: joto kali, kazi za usiku, msongo, saa nyingi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na ILO yaliyotolewa 2021 yalihusisha kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo mwaka 2016. Upungufu uko kwa wataalamu, kwani vyuo vingi vya udaktari huligusa somo hili juu juu. Saa ya mkononi itahesabu mapigo ya moyo ya mfanyakazi wa tanuri. Kuamua kwamba zamu yake ifupishwe, na kumshawishi meneja akubali, kunahitaji daktari aliyefika kwenye tanuri hilo.