Besi Niliyoidhani Solo: Mara Yangu ya Kwanza na Unknown Pleasures

Nilivaa fulana yake miaka miwili kabla ya kusikia hata wimbo mmoja. Niliiokota kwenye mitumba ya Karume, nyeusi, kifuani ina mistari myeupe inayopanda na kushuka kama safu ya vilima. Mimi kazi yangu ni kurekodi kwaya na bendi. Nashinda mbele ya kompyuta nikikata na kuunga mawimbi ya sauti. Nikaona hii ni fulana ya mafundi wenzangu, basi. Mpaka siku kijana tunayefanya naye kazi studio aliponiuliza, "Kaka, kumbe na wewe ni mtu wa Joy Division?" Nikamjibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Usiku ule aibu ikanituma nikaitafute albamu yenyewe.

Albamu inaitwa Unknown Pleasures. Joy Division walikuwa vijana wanne kutoka Salford na Macclesfield, pembezoni mwa Manchester: Ian Curtis akiimba, Bernard Sumner kwenye gitaa, Peter Hook besi, Stephen Morris dramu. Waliirekodi Aprili 1979 katika studio ya Strawberry mjini Stockport, na ikatoka Juni mwaka huohuo kupitia Factory, kampuni ndogo ya palepale Manchester. Toleo la kwanza lilikuwa santuri 10,000. Wapenzi wake muziki huu wanauita postipanki. Kwa ufupi, ni watu walioingia mlangoni na panki, roki ya haraka na ya fujo, wakakuta kelele na hasira haviwatoshi. Sumner na Hook walikwenda kuwaona Sex Pistols, bendi ya panki, Manchester tarehe 4 Juni 1976, na kesho yake Hook akaenda kununua besi. Hakuwahi kuishika kabla ya hapo.

Nilianza vibaya. Nilisikiliza kwa spika ya simu, jikoni, huku nachemsha maji. Nikasikia gitaa jembamba linatamba juu ya nyimbo, linaimba kuliko mwimbaji, na chini yake hakuna kitu. Nikajisemea huyu mpiga solo anajua, lakini besi yuko wapi? Nilifika wimbo wa sita, She's Lost Control, ndipo nikashtuka: ile niliyoidhani solo ndiyo besi yenyewe.

Fundi yeyote ataelewa kwa nini niliumbuka. Spika ya simu haitoi sauti za chini. Ukiiwekea wimbo wa dansi, besi inapotea yote, zinabaki gitaa na sauti za waimbaji. Kwenye bendi zetu kila mtu ana shamba lake: rizimu anashona, solo anapamba, besi anakaa chini kabisa na wachezaji wanakanyaga juu yake. Hook amelihama shamba lake. Anapiga huku juu, karibu na tumbo la gitaa, kwenye nyuzi nyembamba. Sababu yake haina falsafa. Mazoezini spika ya Sumner ilimmeza. Akipiga chini hajisikii, akipanda juu anajisikia. Curtis akapenda anachosikia, akamhimiza abaki hukohuko. Kwa hiyo besi ya albamu hii inapenya mpaka kwenye simu, na Sumner, ambaye kwa mpangilio wa kawaida ndiye angekuwa mpiga solo, mara nyingi anakwaruza pembeni tu, akiingia na kutoka. Kwenye Candidate karibu wimbo wote umebebwa na dramu na besi. Gitaa ni kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili.

Jumapili iliyofuata, kwaya ilipoondoka, nikafunga mlango wa studio nikaiweka kwenye spika kubwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Wimbo wa kwanza, Disorder, unafunguliwa na dramu peke yake. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inagonga, na kabla haijagonga tena kuna utupu. Sisemi ukimya wa kawaida. Ukirekodi dramu chumbani, hata pasipogongwa kitu unasikia chumba: matoazi bado yanavuma, ngozi ya ngoma kubwa inatetemeka, kiti cha mpigaji kinalia. Hapa hakuna. Kila ngoma iko peke yake kama nyumba moja katikati ya mbuga. Nikarudisha mwanzo mara nne. Mara ya kwanza nilidhani faili limeharibika.

Mhusika ni prodyuza wao, Martin Hannett. Nieleze alichofanya, maana watu wengi huishia kusema "ameweka mwangwi mwingi," na hiyo ni nusu ya habari.

Ukiweka maikrofoni kwenye snea, haisikii snea tu. Inasikia na hai-hati iliyo karibu yake (yale matoazi mawili yanayofunguka na kufungwa kwa mguu), na kiki (ngoma kubwa ya mguu), na toazi. Sisi tunasema sauti zinavuja. Sasa ukitaka kuipa snea mwangwi, zile zilizovuja nazo zinapata mwangwi uleule, na ukizidisha kidogo tu dramu nzima inageuka tope. Ndiyo maana mafundi wengi tunaogopa kugusa. Bendi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania enzi zile zilipiga wote pamoja chumba kimoja, na kila kitu kilivujia kwenye kila kitu. Utamu wa zile rekodi uko humohumo, unasikia watu wanatazamana. Hannett alitaka kinyume chake. Katika baadhi ya nyimbo, hasa She's Lost Control, alimfanya Morris arekodi ngoma mojamoja: leo kiki yake tu, kisha snea yake tu, mpaka dramu nzima ikamilike vipande vipande. Kila kipande kikawa kisafi, na kipande kisafi unaweza kukipeleka popote.

Alikipeleka kwenye mashine ya AMS, mashine ya kidijitali ya kuchelewesha sauti, kitu kipya kabisa wakati ule. Ukiichelewesha sauti kwa nusu sekunde unapata mwangwi wa bondeni: sauti inatoka, inarudi, sikio linasikia mbili. Ukiichelewesha kwa milisekunde chache tu, sikio halitenganishi. Linasikia sauti moja, ila imebadilika umbo. Katika milisekunde 10 sauti husafiri hewani kama mita tatu na nusu, kwa hiyo ubongo wako unakisia ukuta uko karibu, mgumu, labda wa chuma. Ukuta huo haupo. Hannett alijenga vyumba visivyokuwepo, kila ngoma akaipa chake, na sisi tunaosikiliza tunapata ubaridi ambao hatujui umetoka wapi. Ubaridi wenyewe ni huu: wanamuziki wanne wanapiga wimbo mmoja, na hakuna anayesikika kuwa chumba kimoja na mwenzake.

(Nikitazama kuta za studio yangu naona haya. Tumebandika trei za mayai tangu siku ya kwanza, na mpaka leo wateja wanazisifu. Trei za mayai zinapunguza kidogo sauti za juu. Besi inapita kama hakuna kitu.)

Ukishajua hilo, mengine yanajieleza. Kwenye Insight mwanzoni kuna mngurumo na vyuma vinavyogongana: ni lifti ya jengo la studio. Sauti ya Curtis kwenye wimbo huohuo waliipitisha kwenye laini ya simu, ndiyo maana anasikika kama mtu anayepiga kutoka mkoani. Kwenye She's Lost Control ile "tsss" kali inayofuatana na dramu ni kopo la dawa ya kupuliza; Morris aliingia nalo kwenye kibanda cha kuimbia, akapuliza kwa mapigo huku akivuta moshi wa dawa hiyo. Wimbo wa mwisho, I Remember Nothing, una vioo vinavyovunjika. Ningeletewa hizi kama orodha ya mbwembwe ningecheka. Ndani ya ule utupu, kila moja ina mahali pa kukaa.

Bendi yenyewe haikupenda. Sumner na Hook walilalamika kwamba jukwaani walikuwa wakali, wazito, na Hannett amewapoza. Nawaelewa sana. Nimeshakaa na bendi iliyoniambia rekodi yangu ni nzuri lakini "siyo sisi," na hakuna sentensi inayomkata fundi maini kama hiyo. Miaka ilipopita Hook alikuja kukiri kwamba Hannett ndiye aliyeifanya albamu idumu. Nadhani wote walikuwa sahihi. Interzone, wimbo wa tisa, ambao Hook mwenyewe ndiye anaongoza kuimba, unakuonyesha walivyokuwa ukumbini: mfupi, una haraka, panki tupu. Ni wimbo mzuri, na ndio pekee ninaouruka.

Ninaorudia ni New Dawn Fades, unaofunga upande wa kwanza. Besi inashuka ngazi, gitaa linapanda, na besi haibadilishi kitu, noti zilezile ubeti na kiitikio. Curtis anaanza chini, sauti nzito kama ya mtu mzima wa miaka hamsini, na kadiri gitaa linavyopanda naye anapanda mpaka sauti inakaribia kupasuka. Alikuwa na miaka 22. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Mei 1980, alijiua. Watu wengi huisikiliza albamu hii kuanzia kifo kile kurudi nyuma, kila mstari wanausoma kama wosia. Mimi sipendi. Aprili 1979 alikuwa kijana aliyefanya kazi ya kuwatafutia watu wenye ulemavu ajira Macclesfield, na She's Lost Control aliutunga kwa ajili ya mwanamke mwenye kifafa aliyekutana naye kazini, ambaye baadaye alifariki. Naye Curtis mwaka huo alikuwa ametoka kuambiwa ana ugonjwa huohuo. Hapo hakuna fumbo. Mtu alimwona mwenzake akianguka, akaandika alichokiona.

Na fulana? Mistari ile si sauti. Ni mapigo ya redio ya pulsa CP 1919, yaani masalia ya nyota yanayozunguka na kutupa mawimbi ya redio kwa mapigo; ni pulsa ya kwanza kugunduliwa, iliyonaswa Cambridge mwaka 1967 na Jocelyn Bell akiwa bado mwanafunzi. Mchoro bendi iliutoa kwenye ensaiklopidia ya astronomia, mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe. Msanifu wao, Peter Saville, akageuza rangi. Pulsa hiyo hupiga mara moja kila sekunde 1.337. Nimepiga hesabu: mapigo 45 kwa dakika, polepole kuliko rumba yoyote niliyowahi kurekodi, na haipotezi mapigo.

Wiki iliyopita nilimwita mpiga dramu wetu tujaribu njia ya Hannett. Nikaondoa kila kitu, nikamwachia kiki. Mguu ulikwenda vizuri dakika moja, kisha ukaanza kuyumba, maana mikono haikuwa na kazi na mwili wake hesabu huziweka mikononi. Ikabidi ajipige mapajani ili ashike mapigo, na maikrofoni ikanasa makofi ya mapaja. Tukamfunga taulo miguuni. Baada ya saa mbili na nusu tulikuwa na kiki, snea, na mtu aliyenuna. "Kaka," akaniambia akikusanya fimbo zake, "hii siyo ngoma, hii ni kufunga mizigo."

Snea ile ninayo bado kwenye kompyuta. Jana nimeichelewesha milisekunde 12, nikafunga macho, nikausikia ukuta.