Klamidia naye mtamweka wapi?

"Kirusi si kiumbe hai kwa sababu hakiwezi kuzaliana bila seli ya mwingine." Nimeikuta tena, safari hii kwenye karatasi ya mtihani, imepewa alama zote. Haya, leo sinyamazi.

Klamidia naye mtamweka wapi? Ni bakteria, hilo habishi mtu, na nje ya seli ya mwenyeji hazaliani kabisa. Riketsia, bakteria mwingine, vivyo hivyo. Kama kigezo ni utegemezi, wafuteni wote kwenye orodha ya viumbe hai, na tegu naye akae chonjo.

Chenye uzito ni ribosomu, yaani vijimashine vya seli vinavyounda protini. Klamidia huiba mengi, lakini protini zake anazitengeneza kwa ribosomu zake mwenyewe, na akizaliana, seli moja hugawanyika zikawa mbili. Kirusi hakigawanyiki. Kikishaingia hufumuka: ganda huachana na DNA au RNA, na kwa muda fulani ukiipasua seli ile kutafuta kirusi kizima, hukipati. Baadaye ribosomu za mwenyeji hufyatua protini, vipande hujiunga, vinatoka virusi vipya, pengine mamia. Kama mnataka kubishana, bishaneni hapo.

Mwaka 1935 mwanakemia Mmarekani Wendell Stanley alikipata kirusi cha batobato ya tumbaku katika umbo la fuwele, na fuwele zile bado ziliambukiza. Wengi wakaona kesi imefungwa: kinachogeuka fuwele kama chumvi ni kemikali tu, si kiumbe hai. Lakini mwaka 2003 ikatangazwa mimivirusi, kirusi kikubwa mno, iliyopatikana ndani ya amiba na kudhaniwa bakteria mwanzoni. DNA yake ina jozi za besi (herufi za DNA) kama milioni 1.2, karibu mara mbili ya zile za *Mycoplasma genitalium*, ambaye ni bakteria halali. Ina hata jeni kadhaa za kazi ya kuunda protini. Ribosomu tu ndiyo haina.

Halafu kuna hili la kwamba virusi "havijaainishwa kwa kuwa si hai". Vimeainishwa! Kamati ya kimataifa, ICTV, inavipa familia, jenasi na spishi. Kwenye mti wa ukoo wa bakteria, akea (vijidudu vya seli moja visivyo bakteria) na yukariota (viumbe wenye seli zenye kiini, kama sisi) havimo kwa sababu mti huo umejengwa hasa kwa jeni za ribosomu, na hakuna jeni hata moja ambayo virusi vyote vinayo. Ni suala la ukoo, uhai haukuulizwa.

Mimi chembe iliyo nje ya seli naiita kifurushi, bila kusita. Seli iliyotekwa, inayomtumikia kirusi peke yake, ndiyo inayonitatiza. Wapo wenzangu wanaosema seli hiyo ndiyo kirusi chenyewe, kikiwa hai, na chembe ni njia yake ya kusafiri tu. Kuna siku nakubaliana nao.